Kupima Kabla ya Kununua: Jinsi Chuo Kikuu Kinavyoweza Kupunguza Gesijoto na Taka

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kueleza gesijoto za chuo kikuu hutoka wapi. Kupima taka za bwalo au za nyumba yake kwa mizani ya kawaida. Kuuliza maswali yafaayo kabla ya kununua mtambo wa umeme wa jua. Na kupambanua dai la kweli la kutunza mazingira na dai la kupambia matangazo.

Kwa nini tunaanza na chuo kikuu

Chuo kikuu ni mji mdogo. Maelfu ya watu huamka ndani yake, huoga, hula, husoma usiku kwa taa, hununua maji ya chupa na kutupa mabaki. Kina jiko kubwa, maabara, magari, jenereta, na lango ambalo lori la taka hupitia. Kinachokitofautisha na mji wa kawaida ni kwamba kina uongozi mmoja na daftari moja la hesabu. Yale ambayo mtaani hutawanyika na kufichika, chuoni yaweza kuonekana, kupimwa na kurekebishwa.

Tena, gharama ya upotevu si ya chuo peke yake. Umeme unaowaka katika ukumbi mtupu na wali unaomwagwa pipani vimekwisha kulipiwa, ama kwa karo ya mzazi ama kwa kodi ya mwananchi. Ndiyo maana tumeliweka somo hili katika kijitabu cha kumwelekeza mtumiaji wa bidhaa na huduma. Mwanafunzi na mzazi wake ni wateja wa chuo, nao wana haki ya kujua fedha zao zinatumikaje.

Hoja yetu ni moja: kupima hutangulia kupunguza, na kupunguza hutangulia kununua mitambo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo wafaa taka na gesijoto kama unavyofaa biashara.

Gesijoto za chuo hutoka wapi

Wahasibu wa gesijoto duniani huzigawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni moshi wa nyumbani, yaani wa vitu vinavyochomwa na chuo chenyewe: dizeli ya jenereta, petroli ya magari, gesi na kuni za jikoni. Fungu la pili ni gesi zilizotolewa huko mbali ili kuzalisha umeme ambao chuo kinaununua. Fungu la tatu ni yote yaliyobaki: chakula kilicholimwa na kusafirishwa, saruji ya jengo jipya, safari za ndege za wahadhiri, matatu zinazowaleta wanafunzi, na taka baada ya kutoka langoni.

Mgawanyo huu una faida kubwa. Chuo kinachotaja fungu la pili tu hakijasema uongo, lakini hakijasema yote. Na mara nyingi fungu la tatu, ambalo ni gumu kulihesabu, ndilo kubwa kuliko mengine.

Hesabu yenyewe haihitaji elimu ya juu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa. Kilo moja ya gesi ya kupikia hutoa takribani kilo 3. Tuchukue mfano wa jenereta inayotumia lita 30 kwa saa, nayo ikawashwa kwa saa 2 kwa sababu umeme umekatika. Zimetumika lita 60, nazo zimetoa kilo 162 za hewa ukaa. Mwenye risiti za mafuta za mwaka mzima anaweza kulijaza fungu la kwanza kwa kalamu na karatasi katika alasiri moja.

Mfano wa Strathmore

Chuo Kikuu cha Strathmore kiko Madaraka, Nairobi. Mwaka 2014 kilikamilisha mtambo wa umeme wa jua juu ya mapaa ya majengo yake, wenye uwezo wa kilowati 600. Mradi huo uligharimiwa kwa mkopo wa masharti nafuu ambao chimbuko lake ni Shirika la Maendeleo la Ufaransa, ukapitia benki ya humu nchini. Chuo kilifikia pia makubaliano na kampuni ya Kenya Power ya kuuza katika gridi ya taifa umeme unaozidi mahitaji yake, na kituo chake cha utafiti wa nishati hutoa mafunzo kwa mafundi wa sola.

Tufanye hesabu ya darasani. Katika anga la Nairobi, kilowati moja ya paneli yaweza kukadiriwa kutoa wastani wa uniti 4 kwa siku. Huzidi katika miezi ya jua na kupungua katika baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti. Kwa kipimo hicho, kilowati 600 zingetoa uniti 2,400 hivi kwa siku ya wastani. Hayo ni makadirio yetu, si usomaji wa mita ya chuo, lakini yanaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe.

Mfano huu unatufundisha mambo manne, na yote yanamhusu pia mwenye nyumba, mwenye duka na mwenye shule.

La kwanza ni wakati wa matumizi. Chuo hufanya kazi zaidi mchana: madarasa, maabara, kompyuta na ofisi huhitaji umeme saa zile zile ambazo jua linawaka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme wa paa hutumika papo hapo. Nyumba ambayo wenyewe huondoka alfajiri na kurudi magharibi ina hali tofauti kabisa, na mtambo uleule hautaipa faida ileile.

La pili ni bei ya umeme unaozidi. Kanuni za Kenya za mwaka 2024 zinamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kupeleka ziada yake katika gridi na kupewa salio. Hata hivyo, kwa kila uniti inayotoka hupewa salio la nusu uniti tu. Anayepeleka uniti 1,000 hurudishiwa salio la 500. Kwa sababu hiyo, mwenye busara huupima mtambo wake kwa kufuata matumizi yake ya mchana, wala hafuati ukubwa wa paa lake wala ushawishi wa muuzaji.

La tatu ni umeme unapokatika. Wanunuzi wengi hudhani kwamba mwenye paneli hawezi kukaa gizani. Sivyo. Mtambo wa kawaida uliounganishwa na gridi bila betri hujizima mara tu gridi inapozimika, hata saa sita mchana, ili usipeleke umeme katika nyaya ambazo mafundi wanazishika. Anayetaka umeme wakati huo huhitaji betri, au vifaa vinavyoziwezesha paneli kufanya kazi pamoja na jenereta. Na aiulizie bei ya vifaa hivyo kabla ya kutia saini.

La nne linahusu tabianchi yenyewe. Katika miaka ya karibuni takribani asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Kenya imetokana na nishati jadidifu: mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya mito, upepo wa Turkana na kwingineko, na jua. Kwa hiyo uniti moja ya sola mjini Nairobi huzuia gesijoto chache kuliko uniti kama hiyo nchini Afrika Kusini, ambako umeme mwingi hutokana na makaa ya mawe. Hapa kwetu faida ya paneli huonekana zaidi katika bili, na katika dizeli ambayo jenereta haikuichoma. Faida hizo ni za kweli. Bali chuo kinachotaka kupunguza gesijoto kwa wingi hakiwezi kuishia paani. Kinapaswa kushuka hadi jikoni na kwenye mapipa.

Jikoni na bwaloni

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika nyumba, migahawa na maduka. Kiasi hicho ni sawa na asilimia 19 ya chakula kilichowafikia watumiaji. Chakula kilichotupwa hubeba mzigo mara mbili. Kwanza, mbolea, maji, mafuta ya lori na kuni za jikoni zimekwisha kutumika bure. Pili, kikifukiwa jaani mahali pasipopita hewa, huoza na kutoa methani, gesi ambayo nguvu yake ya kuipasha dunia joto huizidi hewa ukaa mara 28 hivi kwa kipimo cha miaka 100, na mara 80 hivi kwa kipimo cha miaka 20.

Tuchukue bwalo linalohudumia wanafunzi 500 kwa chakula cha mchana. Kila mmoja akiacha gramu 80 tu sahanini, yaani vijiko vichache vya wali, jumla ni kilo 40 kwa siku. Kwa siku 5 za wiki ni kilo 200. Kwa muhula wa wiki 14 ni kilo 2,800, karibu tani tatu za chakula kilichonunuliwa, kikasafishwa, kikapikwa na kumwagwa. Mwanafunzi mmoja haioni hasara hiyo kwa sababu kila mtu hubeba gramu zake 80 tu.

Tiba zake ni nyepesi. Mwaka 2008 kampuni ya Aramark, ambayo huendesha mabwalo ya vyuo vingi vya Marekani, ilichunguza mabwalo ya vyuo yaliyoondoa trei za kubebea chakula. Ilionekana kwamba mabaki ya kila mlaji yalipungua kwa asilimia 25 hadi 30. Hakuna aliyenyimwa chakula. Kilichobadilika ni kwamba mlaji alibeba sahani moja, na aliyetaka zaidi alirudi. Kwetu ambako mpishi ndiye anayepakua, njia inayolingana na hiyo ni kuwa na vipimo viwili vya upakuaji, kikubwa na kidogo, kila kimoja na bei yake, na kumruhusu aliyechukua kidogo kuongezewa.

Upande wa moto nao una nafasi. Maharagwe na mahindi ya githeri yakilowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria yenye mfuniko hula kuni chache kuliko iliyo wazi. Kuni zilizokaushwa vyema chini ya kibanda hutoa joto zaidi na moshi kidogo kuliko kuni mbichi, na jiko sanifu la taasisi, lililojengewa kuta za kuhifadhi joto, hupunguza matumizi ya kuni zaidi ya mafiga matatu. Hatua tatu za mwanzo karibu hazina gharama. Zitangulie kabla ya kuomba fedha za mtambo mpya.

Pipa linakwenda wapi

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, zinazooza kando na zisizooza kando. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Sheria hizo ni nzuri. Hata hivyo, sheria hulinda pale tu ambapo kila mwenye pipa anajua linakomwagwa.

Taka za Nairobi zimekuwa zikipelekwa Dandora. Jaa hilo lilifunguliwa mwaka 1975, na mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Lakini malori hayakukoma. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha uchunguzi uliofanyiwa watoto 328 walioishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Ni vyema basi mwanafunzi anayesomea udaktari au sheria upande mmoja wa mji akumbuke kwamba betri na sahani yake ya plastiki huenda zikaishia karibu na mtoto wa upande mwingine.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha mpango wa taka wa chuo chochote ni kulifuata pipa, na rangi za mapipa zije baadaye. Je, mapipa mawili yaliyotenganishwa kwa uangalifu humwagwa katika lori moja? Kama ndivyo, kazi ya kutenganisha imepotea, na wanafunzi wakigundua hawatarudia tena. Mkataba wa mzoaji taka utamke wazi kila aina inapelekwa wapi, na chuo kipewe stakabadhi za uzito.

Taka zinazooza zaweza kubaki chuoni. Maganda ya mboga yakichanganywa na majani makavu na kugeuzwa mara kwa mara ili hewa ipite, huwa mboji ya bustani bila kutoa methani nyingi. Mtambo wa bayogesi huzifaa taka za jikoni zenye majimaji, na gesi yake hurudi jikoni. Wako wanaowapa wafugaji wa nguruwe mabaki ya chakula. Wanaofanya hivyo wahakikishe mabaki hayo yamechemshwa kikamilifu na hayana nyama ya nguruwe, kwa maana homa ya nguruwe ya Afrika huenea kwa njia hiyo.

Taka zisizooza zipungue kabla hazijawa taka. Bomba la maji safi lililopimwa, likawekwa karibu na darasa, huondoa chupa nyingi kuliko pipa la kuzikusanyia. Kompyuta kuukuu, simu na betri zisichanganywe na taka za kawaida hata mara moja. Zikabidhiwe wenye leseni ya kuzivunjavunja kwa usalama.

Namna ya kusoma dai la chuo

Vyuo hushindania wanafunzi, na neno “kijani” limekuwa sehemu ya tangazo. Tunamshauri msomaji aulize maswali manne.

1. Kimepungua kutoka kiasi gani, na mwaka gani? Asilimia isiyo na mwaka wa kulinganishia haipimi chochote. Uliza pia hesabu ya kila mwanafunzi, kwa maana chuo chaweza kukua au kupungua.

2. Ni mafungu yapi yaliyohesabiwa? Kama ni umeme peke yake, jiko, safari na taka ziko wapi?

3. Je, gesi zimepunguzwa chuoni, au zimefidiwa kwingine? Mwaka 2018 American University cha Washington kilitangaza kwamba gesijoto zake zote zimepunguzwa au kufidiwa. Hesabu hiyo ilijumuisha umeme wa jua na ubanaji wa matumizi, pamoja na fidia zilizonunuliwa nje ya chuo. Fidia si uongo, lakini si sawa na moshi ambao haukutoka. Miti nayo ihesabiwe ile iliyo hai baada ya miaka mitatu, si miche iliyopandwa mbele ya kamera.

4. Nani amehakiki? Orodha ya kimataifa ya UI GreenMetric, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Indonesia mwaka 2010, hutegemea taarifa ambazo vyuo vyenyewe huzipeleka. Nafasi katika orodha ni mwanzo mzuri wa mazungumzo, wala haichukui mahali pa daftari lililo wazi.

Kwa anayenunua sola kwa ajili ya nyumba au taasisi yake, liko swali la tano: fundi ana leseni? Mafundi na wakandarasi wa sola nchini Kenya hupewa leseni kwa madaraja na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA). Omba kuiona leseni, na hakikisha daraja lake linaruhusu mtambo wa aina unayoitaka.

Zoezi la wiki moja

Zoezi hili lafaa bweni, bwalo au nyumba. Vinahitajika mizani, ndoo tatu na daftari.

Jumatatu, pima ndoo tupu na uandike uzito wake. Weka ndoo moja ya mabaki ya chakula na maganda, ya pili ya karatasi, chupa na makopo, na ya tatu ya vingine vyote. Kila jioni hadi Jumapili, pima, toa uzito wa ndoo, kisha uandike. Mkiwa bwaloni, andikeni pia idadi ya waliokula na chakula kilichopikwa siku hiyo. Jumapili jioni, jumlisheni. Chagueni ndoo nzito kuliko zote, mkubaliane juu ya badiliko moja tu la kuipunguza, kisha mrudie kupima baada ya wiki nne. Badiliko likiwa moja, mtajua lililofanya kazi. Yakiwa matano kwa pamoja, hamtajua.

Mambo ya kukumbuka

Pima kwanza, punguza, kisha nunua. Paneli za jua huwafaa zaidi wanaotumia umeme mchana. Chakula kisichopikwa bure hushinda mboji iliyo bora. Pipa lifuatwe hadi mwisho wa safari yake. Dai lisilo na mwaka, mipaka na mhakiki lisikubaliwe kwa haraka.

Maswali ya kujadili

1. Chuo au shule iliyo karibu nawe huchoma nini yenyewe, na risiti za mafuta hayo huwekwa na nani?

2. Bwalo likipunguza mabaki kwa robo, fedha zinazookolewa zishushe bei ya chakula, ziwalipe wapishi au zinunue jiko sanifu? Toeni sababu.

3. Je, yupo kati yenu aliyewahi kuona lori la taka zenu linakomwagwa? Panganeni namna ya kulijua jambo hilo kabla ya somo lijalo.